Ndevu Alizozipenda Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinipendea ndevu. Siku Gervas aliponipeleka Mabamba kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimejitanda kitenge mpaka kidevuni kama mtu mwenye homa, ingawa ilikuwa mchana wa kiangazi na vumbi limefunika migomba. Nilipiga goti nikasema, "Mwakeye, mama," salamu yetu Waha. Aliitikia, akanikalisha mkekani, kisha kwa kidole kimoja akakishusha kile kitenge taratibu, kama anayefunua chungu kuona maharage yamefikia wapi. Akakitazama kidevu changu. Akamgeukia mwanawe.

"Gervas, huyu umemtoa wapi?"

"Makere, mama. Ni mwalimu, anafundisha Kibondo."

"Usimwache akaondoka."

Wewe uliyekulia huku huhitaji maelezo. Kwa mwingine niseme tu kwamba kwetu, na sehemu nyingine nyingi za nchi hii, watu wanaamini mwanamke mwenye ndevu ana nyota ya mali. Akiolewa, nyumba inajaa. Nimewasikia wakulima wakisema hivyo, na nimewasikia walimu wenzangu waliotoka mikoa ya mbali, wenye shahada zao, wakisema hivyo hivyo tukinywa chai ofisini.

Naandika haya sasa, nimepata nafuu, kwa ajili ya dada anayejifungia bafuni kila asubuhi na wembe au kibano cha nyusi. Mimi si daktari. Ninachoweza kukueleza ni namna nilivyoishi nayo.

Ndevu zilianza nikiwa sekondari ya bweni. Kwanza nywele chache chini ya taya, kisha zikashuka shingoni. Siku zangu za mwezi zilikuwa kama mgeni asiyeaga wala kubisha hodi: zinapotea muda mrefu, zinarudi kwa kishindo, zinapotea tena. Tumbo lilikuwa likinenepa hata nikila kidogo. Nyuma ya shingo ngozi ilikuwa nyeusi na nene kama velveti, na mama yangu mzazi alinisugua kwa dodoki akidhani sijui kuoga. Nikila ugali wa muhogo mchana, nilisinzia mbele ya wanafunzi wa darasa la tatu huku wananitazama.

Tulifunga ndoa. Gervas hununua maharage Mabamba na vijiji vya jirani, na kuyauza Kibondo na Kasulu. Mwaka wetu wa kwanza biashara ilimwendea vizuri sana, na kila gunia lilipata mnunuzi. Alikuwa akirudi nyumbani anacheka.

"Mwalimu, leo sikuhangaika hata kidogo kupata lori. Ndevu ziko kazini."

"Zidai mshahara wake," nilimjibu.

Nilimpenda kwa utani ule. Wanaume wengi wangenifichia kioo. Lakini misimu miwili ya mvua ilipita bila mimba, na Mabamba salamu zilianza kuja na maswali. Mama yangu wa Makere ndiye aliyesema, "Nenda hospitali Kasulu. Ndevu zikikuletea mali usizae, utamwachia nani?"

Kwa hiyo nilijua chumba cha kusubiria. Kama hujawahi kukaa pale, nikuandae: beba maji, maana kwa kipimo cha tumbo utaambiwa unywe mpaka kibofu kijae, halafu mwenye dharura atapita mbele yako. Beba kitenge cha ziada, benchi ni la saruji na asubuhi za Kasulu zina baridi. Kwa kipimo cha sukari utaambiwa uje hujala, basi funga andazi lako kwenye mfuko ulile ukishatolewa damu. Nesi akiita jina lako kwa sauti kubwa, itika kwa sauti kubwa. Hakuna anayekucheka, kila mmoja anawaza lake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyehamishiwa huku kutoka kaskazini. Hakuangalia ndevu zangu kama kituko. Alinieleza kwamba nina ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ule ambao kwenye kadi wanauandika PCOS, na kwamba mwili wangu unatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Kisha akashika majibu ya damu.

"Umeolewa wapi?"

"Mabamba, daktari."

"Basi unajua kizuizi cha pale mpakani na Burundi. Sukari yako imesimama palepale. Haijavuka, lakini iko kwenye foleni. Tuirudishe nyumbani."

Nilitoka na dawa za aina tatu. Metformini ilikuwa ya sukari. Spironolaktoni, ambayo wengine hupewa kwa presha, ilikuwa ya kuzikinga zile homoni za kiume zisiendelee kufanya kazi mwilini. Ya tatu ilikuwa vidonge vya majira, na hapo ndipo daktari alipoweka kalamu chini akaniangalia vizuri. Ukinywa hii ya kuzuia homoni, alisema, ni marufuku kushika mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Majira yatakulinda, na pia yatazipanga siku zako. Tukae hivyo mwaka mmoja, labda zaidi kidogo, kisha tuangalie.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtoto, narudi na dawa ya kutozaa.

Gervas alisikiliza yote huku anachambua samaki, mgebuka wa ziwani, sahanini bila kumla. "Kwa hiyo tunakwenda mbele kwa kurudi nyuma," alisema.

"Nikibeba mimba na sukari hii, naweza kuipoteza. Naweza kuumwa mimi pia."

Alinisogezea kipande kisicho na miba. "Kunywa dawa. Mama tutamweleza polepole."

Wiki za kwanza za metformini sitazisahau, na wewe usiziogope, zinapita. Tumbo lilikuwa halina subira. Niliandika hesabu ubaoni, nikaacha chaki hewani, nikakimbia. Mwalimu mkuu, mzee wa maneno machache, hakuniuliza kitu. Alihamishia darasa langu chumba cha mwisho, jirani na vyoo, akawaambia wenzangu kwamba darasa la tatu linahitaji mwanga zaidi. Mpaka leo sijamshukuru kwa maneno, ila kila mwaka mpya nampelekea ndizi.

Ile ya kuzuia homoni ilikuja na mambo yake. Kiu, na mkojo usiokwisha. Nikisimama ghafla, ukuta unayumba. Matiti yaliuma kama ya binti anayevunja ungo. Kila niliporudi Kasulu walinipima presha na kuangalia damu kama figo na chumvi za mwilini ziko sawa, na ndiyo maana nakuomba: usikubali kuuziwa dawa hii dukani kienyeji kwa sababu mimi niliinywa. Na usitarajie muujiza. Kiangazi chote niliendelea kunyoa kama kawaida. Daktari alikuwa ameniambia nywele zina uvivu wa kusikia habari, zinachukua nusu mwaka na zaidi.

Chakula nacho tulikibadilisha. Ugali ulipungua sahanini, maharage na mboga vikaongezeka. Bodaboda niliiacha, nikawa natembea kwenda shule, na wanafunzi wangu wakawa wananisindikiza kwa makundi wakidhani nimefilisika. Soda niliacha. Sukari kwenye chai niliacha.

Hapo kwenye chai ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa la watu wa Kibondo hasa, sisi wa nchi ya asali. Mama mkwe aliposikia nimekatazwa sukari, alisikitika sana, na kwa kunihurumia akaanza kutuma asali. Marehemu baba mkwe aliacha mizinga msituni, na asali yake inajulikana. Kila gari lililotoka Mabamba lilileta dumu. "Sukari ni ya kiwandani," alituma ujumbe. "Asali ni ya nyuki, hiyo ni dawa." Mimi mwenyewe, mwalimu, niliona ni sahihi kabisa. Niliweka asali kwenye chai, kwenye uji, na jioni nililamba kijiko kwa ajili ya afya.

Niliporudi kliniki, sukari ilikuwa imepanda.

"Unakunywa chai na nini?" daktari aliuliza.

"Bila sukari, daktari. Hata punje."

"Kwa hiyo chungu hivyohivyo?"

"Hapana, na asali."

Aliinamisha kichwa mezani, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. "Watu wa Kibondo mtaniua," alisema alipoinuka, anafuta macho. "Dada yangu, asali ni sukari iliyopita kwa nyuki."

Gervas ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia mama yake asitishe madumu, na mama yake hakufurahi. Kukataa chakula cha mama mkwe ni jambo zito, na asali ya mizinga ya mumewe ilikuwa zaidi ya chakula. Salamu zikapungua.

Mvua zikaja. Msimu wa uyoga, wanawake wanapopanga mafungu kando ya barabara, nilipitisha kidole kwenye taya asubuhi moja nikasita. Palikuwa laini. Hazikuwa zimeisha zote, lakini zilizobaki zilikuwa nyembamba kama za mtoto. Nilimwita Gervas aje aguse. Aligusa, akatabasamu, na ndani ya lile tabasamu niliona kitu kikipita.

Nilikielewa baada ya siku chache. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye tope la njia ya Mabamba, na mvua ikalinyeshea mpaka maharage yakaanza kuota ndani ya magunia. Habari ilifika kwa mama yake kabla ya lori kutolewa. Yeye mwenyewe akafika Kibondo na fuko lake, hakuketi, akanishika kidevu.

"Ziko wapi?"

"Zimepungua, mama. Ni dawa."

"Zimepungua na mali ya mwanangu imeota ndani ya magunia. Huoni?"

"Mama, ilikuwa mvua."

"Mvua ilikuwepo mwaka jana na mzigo ulifika! Umenyoa riziki ya mume wako, Editha. Na mtoto hakuna. Dawa gani hiyo inayochukua na haileti?"

Sikutaka kumficha tena. Nilimweleza yote, na majira pia, na kwa nini. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyevunjwa miguu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Kwa hiyo mmekubaliana nisiitwe bibi."

Baada ya chakula Gervas alinifuata jikoni. Alizunguka, akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ungepumzisha hizo dawa kidogo," alisema. "Mpaka mavuno haya yapite. Kwa ajili ya mama."

"Kwa ajili ya mama, au kwa ajili ya maharage?"

Akarudia kuvipanga vile vikombe. Nilikuwa nimeanza kuona mwisho wa safari, sasa mtu niliyemtegemea alitaka niteremke katikati. Nikiacha, sukari ingeendelea na foleni yake, siku zangu zingerudi kupotea, na yule mtoto waliyekuwa wakimlilia wote wawili angezidi kuwa mbali. Nilimwambia, "Nitaacha daktari akisema niache. Twende wote."

Kutoka sebuleni sauti ilisema, "Na mimi nakwenda. Nataka nimwone huyo anayemaliza watu ndevu."

Basi tulikwenda Kasulu watatu. Mama mkwe wangu hajui kukaa kimya kwenye benchi. Alikuwa ameshauliza habari za mgonjwa wa kulia kwake, akageukia kushoto, kwa dada mmoja aliyevaa buibui na ushungi uliofunika mpaka mdomoni. Niite tu Bi Zuhura, si jina lake.

"Shikamoo, mama," yule dada alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Mambo yetu haya ya kike."

Alishusha ushungi anywe maji, na mama mkwe akaona. Zilikuwa ndevu hasa, nzito kuliko zangu za zamani, nyeusi tii. Uso wa mama ulichangamka.

"Mawe!" alimaka Kiha. "Mumeo anafanya biashara gani?"

"Mume?"

"Ndiyo. Lazima ana maduka."

Bi Zuhura alimtazama, kisha akacheka, bila hasira. "Duka lipo, mama. La vitenge, pale mjini. Nimeachiwa na marehemu baba yangu. Mume aliondoka. Alisema hawezi kulala na mwanamume mwenzake."

Benchi zima liligeuka kumtazama.

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya dada zake."

"Na mali aliyoipata kwako?"

"Mali ipi, mama? Alikuja na begi, akaondoka na begi na redio yangu."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alishindwa kujizuia, akacheka, na benchi likacheka, na Bi Zuhura mwenyewe akacheka mpaka akarudisha ushungi. Mama mkwe hakucheka. Alimshika yule dada mkono akaubakiza mapajani mwake.

"Huyo hana adabu," alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na wewe unakunywa hizi dawa?"

"Nakunywa. Si kwa ajili yake. Mama yangu alikatwa mguu kwa sukari, na yeye alikuwa na kidevu kama hiki. Alipendwa sana kwa hicho kidevu. Hakuna aliyemwambia akapime."

Mama mkwe aligeuka akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa kandambili za bluu. Alizitazama kwa muda mrefu.

Ndani kwa daktari alikaa kiti cha mbele, mimi na Gervas tukasimama nyuma kama watoto walioitiwa mzazi shuleni.

"Nikimwacha anywe, nitapata mjukuu?"

"Mama, siwezi kukuahidi. Hakuna anayeweza. Ninachojua ni kwamba akishika mimba sasa, sukari ikiwa juu na dawa hii mwilini, tutawahatarisha wote wawili. Nipe muda."

"Muda gani?"

"Mvua zikatike, kisha tupime."

Mama alifikiri. "Mimi ni mkulima," alisema. "Kusubiri mvua ikatike naweza."

Tukiwa njiani kurudi, Gervas alianza kusema kitu juu ya lori. Mama yake hakumwacha amalize. "Tope la Mabamba lilikuwepo kabla hujazaliwa. Usimsingizie mkeo." Gervas alitazama nje, na baada ya kitambo mkono wake ukautafuta wangu. Huyo ndiye mume wangu, maneno ya kuomba radhi humpitia mkononi.

Tangu siku hiyo mama alikuwa mkali kuliko nesi. Alinipigia simu asubuhi kuuliza kama nimemeza, na kama nimekula kwanza. Asali aliendelea kuvuna, lakini aliiuza. Nilipokwenda kwake alinipakulia ugali wa ngumi moja na mlima wa maharage, na jirani aliposema anambania mkamwana, alimjibu, "Kapime sukari yako wewe, halafu uje tuongee."

Mvua zilipokatika tulipima. Sukari ilikuwa imerudi nyumbani, kama daktari alivyosema. Ngozi ya shingo ilikuwa imepauka, na sketi zangu za zamani zilifunga kifungo. Daktari akanitoa kwanza kwenye dawa ya kuzuia homoni, akaniacha na majira kwa muda mpaka ile iishe mwilini kabisa, kisha akanitoa na majira. Metformini naendelea nayo. Sitakudanganya: nywele chache zimerudi, maana dawa ile ilizizuia tu, haikuzing'oa. Nazivuta kwa kibano nikisikiliza redio, na siku nyingine naziacha. Mtoto bado. Natembea kwenda shule. Naogopa siku nyingine. Hofu hiyo ukiipata usidhani uko peke yako, na usiache dawa kwa sababu yake.

Juzi nilikuwa Mabamba kusaidia maharage ya kwanza. Tulikaa uani, mama na mimi, kila mmoja na ungo wake, makapi yakiruka. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka na maumivu ya kiuno niliyoyafahamu.

"Mama," nilisema, "siku zangu zimekuja."

Ungo wake ulisimama. "Pole, mwanangu. Mwezi ujao."

"Hapana, mama, nisikilize. Zimekuja zenyewe. Bila kidonge cha kuzileta. Mwezi uliopita zilikuja, nikasema labda ni bahati. Leo zimekuja tena, na wakati wake."

Alinitazama, midomo ikitembea kama anayefanya hesabu ya msimu. "Zenyewe?"

"Zenyewe."

"Kwa hiyo shamba limeamka."

Aliweka ungo chini, akasimama, akafunga kitenge upya kiunoni, akapiga kigelegele kirefu mpaka kuku wakakimbia. Nilimvuta nguo nikimwomba anyamaze. Akapiga kingine.

"Mama Gervas!" jirani aliita kutoka ng'ambo ya uzio. "Kuna nini? Mjukuu?"

"Bado!" alijibu kwa sauti ya kijiji kizima. "Tunapepeta maharage!"

Jirani alichungulia juu ya uzio, akijaribu kuelewa. Sidhani alielewa. Lakini kwetu kigelegele cha mwenzako hukiachi peke yake, kwa hiyo naye akakiitikia kutoka upande wake, na wa nyumba ya pili akamwitikia yeye, na mama akaniangalia, akacheka, akamwaga nusu ya maharage yangu kwenye ungo wake ili nipumzishe kiuno.